Miguu Inayowaka Moto Usiku: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Maumivu ya Neva kwa Mwenye Kisukari

Wengi wenye kisukari hufika mahali pamoja. Nyayo zinawaka kama zimekanyaga mchanga wa jua la saa 7 mchana, vidole vinachomwa sindano, shuka likigusa tu mtu anaruka. Ananunua diklofenaki, haisaidii. Anaandikiwa amitriptilini, anameza siku 3 na kuacha kwa kuwa "haifanyi kazi". Analoweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, anaungua bila kujua. Baadaye maumivu yanapungua yenyewe, anashukuru Mungu, kumbe neva (mshipa wa fahamu) imekufa na kidonda kiko njiani.

Mguu uleule unaweza kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kazi ni mbili na huenda sambamba: kutuliza maumivu, na kuulinda mguu usiosikia. Anayefanya moja na kuacha nyingine hurudi na shida ileile, au kubwa zaidi.

Dozi zilizotajwa humu ni za mtu mzima na zinahitaji cheti cha daktari. Tumeziandika ili ujue unachopewa, ujue inavyopandishwa, na uweze kuuliza.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake ambavyo muda wake haujaisha.
- Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari halizimiki chaji ukiwa mbele ya daktari.
- Kioo kidogo cha mkononi cha kuangalizia unyayo, pamoja na tochi.
- Soksi nyeupe za pamba jozi 3 au zaidi, zisizobana juu. Nyeupe kwa sababu doa la damu au usaha huonekana mara moja.
- Viatu vya kufunika vidole, vyenye nafasi mbele, na vingine vya kuvaa ndani ya nyumba.
- Mafuta mazito ya mgando, kitambaa laini cha kukaushia, tupa ya kucha.
- Gozi safi na bandeji.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji na za kuongeza nguvu.

## Hatua ya 1: Hakikisha maumivu ni ya kisukari kweli

Maumivu ya neva ya kisukari yana tabia yake. Huanza kwenye ncha za vidole vya miguu, miguu yote miwili karibu sawasawa, kisha hupanda pole pole kama mtu anayevaa soksi. Neva zinazofika vidoleni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, nazo huumizwa na sukari kwanza. Yakikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi. Usiku huzidi.

Yakiwa na sura nyingine, usikubali haraka kuambiwa "ni sukari tu". Mguu mmoja pekee, maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, au udhaifu wa miguu uliokuja ndani ya siku chache, vinahitaji uchunguzi mwingine. Shavu la mguu likibana unapotembea na kuachia ukisimama, hiyo ni dalili ya mishipa ya damu kuziba. Neva haihusiki hapo. Doa la ngozi lisilosikia, lenye rangi iliyofifia, lipimwe ukoma.

Muulize daktari haya matano kwa majina:

1. Vitamini B12. Metformini, kidonge cha kisukari, ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu huo huleta ganzi na moto unaofanana kabisa na wa kisukari. Unatibika kwa sindano au vidonge. Ni aibu mtu kuishi na maumivu yenye dawa rahisi namna hiyo.
2. Dawa za kifua kikuu. Isoniazidi huumiza neva iwapo haikuambatana na vitamini B6.
3. Virusi vya Ukimwi, na baadhi ya dawa zake za zamani.
4. Figo na tezi ya shingo. Figo hasa, kwa sababu hali yake ndiyo itakayoamua kiwango cha dawa katika hatua ya 4.
5. Pombe. Sema ukweli wa kiasi unachokunywa. Pombe huumiza neva zilezile.

Hatua hii imekamilika ukitoka kliniki na jibu la figo, na jibu la B12 kama umetumia metformini kwa miaka, au angalau mpango wa kuitibu pale kipimo kisipopatikana.

## Hatua ya 2: Pima kama miguu bado inasikia

Kliniki hutumia uzi maalumu wa plastiki unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Nyumbani kipo kipimo kilichobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa chochote isipokuwa kidole cha mtu mwingine.

Vua soksi, jilaze, fumba macho. Mwenzako aguse ncha ya kidole chako cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi wa unyoya, sekunde 1 hadi 2, kisha aondoe. Asibonyeze, asigonge, asipapase. Kila unaposikia mguso, sema "kulia" au "kushoto".

Mpangilio ni huu: kidole gumba cha kulia, kidole kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, kidole cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Jumla vidole 6. Kila kimoja huguswa mara moja tu, hata kama hukusikia.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni huruma. Mke anaona mume hajasema kitu, anagusa tena kwa nguvu zaidi mpaka aseme. Mgandamizo wa nguvu husikika ndani, kwenye misuli na viungo, hata pale ngozi imeshakufa ganzi. Matokeo yake anaambiwa yuko salama naye hayuko.

Usiposikia vidole 2 au zaidi kati ya 6, miguu yako ipo kwenye hatari ya vidonda. Andika tarehe na vidole vilivyokosa, upeleke kliniki. Rudia kila baada ya miezi 3. Kliniki nayo ikukague miguu angalau mara 1 kwa mwaka, na kwa mwenye ganzi, kila miezi 3 hadi 6.

Hapa ndipo pa kuelewa jambo linalowapotosha wengi. Maumivu yakipungua huku vidole unavyosikia vinaongezeka au vimebaki vilevile, hiyo ni nafuu. Maumivu yakipungua huku vidole unavyosikia vinapungua, hiyo ni neva inayokufa.

## Hatua ya 3: Shusha sukari, lakini pole pole

Bila hatua hii dawa ya maumivu ni sawa na kukung'uta maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Malengo ya watu wazima wengi ni sukari ya 4.4 hadi 7.2 (milimoli kwa lita) kabla ya kula, chini ya 10 saa 2 baada ya kuanza kula, na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) chini ya asilimia 7. Wazee, wenye maradhi mengine mazito, na wanaoshukiwa na sukari mara kwa mara huwekewa malengo mapana zaidi. Kama mashine yako inasoma miligramu, gawa kwa 18: 180 ni sawa na 10.

Mwenye selimundu au upungufu wa damu, HbA1c inaweza kumdanganya. Amwonyeshe daktari vipimo vya mashine vilivyoandikwa kwenye daftari.

Kwenye chakula, anza na sahani. Nusu yake mboga za majani: mchicha, matembele, sukuma wiki. Robo maharage, dagaa, samaki au kuku. Robo iliyobaki ugali, wali au ndizi. Kwa ugali, tonge zima la ukubwa wa ngumi yako. Chai isiyo na sukari, juisi ziachwe. Tunda zima ni bora kuliko juisi ya tunda hilohilo, kwa kuwa glasi moja hubeba machungwa matatu manne.

Tahadhari kubwa. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ikiporomoshwa ghafla, hasa HbA1c ikishuka zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi 3, neva zinaweza kulipuka kwa maumivu makali kuliko mwanzo. Watu huona insulini "imewaharibu miguu" na kuiacha. Usiache. Mwambie daktari, ashushe kwa mwendo wa polepole na atibu maumivu. Kwa kawaida hutulia ndani ya miezi.

Sukari ikishuka chini ya 4, koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15.

Shinikizo la damu na sigara vimo katika hatua hii pia. Neva inalishwa na mishipa midogo sana ya damu, na sigara huibana hiyohiyo.

Tazamia nini? Kwa neva, mafanikio huonekana kwa miezi: moto haupandi zaidi, ganzi haisogei kuelekea goti. Neva iliyokufa kabisa kwa kawaida hairudi, ila zilizobaki zinaweza kuokolewa.

## Hatua ya 4: Dawa ya maumivu iliyo sahihi, kwa kiwango sahihi, kwa muda wa kutosha

Wengi hushindwa hapa, na kwa kawaida dawa haina kosa.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hutibu uvimbe na mchubuko. Maumivu ya neva hayatokani na uvimbe, yanatokana na waya ulioharibika unaotuma ishara za uongo. Dawa hizo hazizimi ishara hiyo, lakini zinaumiza figo ambazo kisukari tayari kinazishambulia. Ziache. Paracetamoli haina madhara hayo, ila msaada wake hapa ni mdogo.

Zinazofanya kazi ni dawa zinazotuliza neva zenyewe. Usishtuke ukisoma kwenye karatasi ya ndani kuwa ni za sonona au kifafa. Hujaambiwa una wazimu. Ni dawa zenye kazi zaidi ya moja.

### Amitriptilini

Kwenye pakiti utasoma Amitriptyline. Ni ya bei nafuu na hupatikana katika hospitali nyingi. Huanza na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, mara moja jioni. Baada ya wiki 1 hupandishwa hadi 25, na ikibidi hadi 50, mara chache 75.

Imeze kama saa 2 usiku, usisubiri mpaka unapanda kitandani saa 5. Ikimezwa kwa kuchelewa, usingizi wake huendelea hadi asubuhi, na hapo ndipo mtu husema "inanilewesha" na kuitupa.

Siku za kwanza mdomo utakauka na choo kinaweza kuwa kigumu. Maji, mboga, na uvumilivu wa wiki 2 humaliza sehemu kubwa ya shida hiyo. Ukiamka usiku kwenda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 1, kwani dawa hushusha presha unaposimama.

Isitumike bila daktari kujua kama una ugonjwa wa moyo au mapigo yasiyo sawa, presha ya macho, au tezi dume inayobana mkojo. Wazee huanguka kwa dawa hii. Kwao ianzie 10 na ipandishwe kwa hadhari.

### Duloksetini

Miligramu 30 asubuhi baada ya chakula kwa wiki 1, kisha 60. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza ndicho kinachofukuza watu, na mara nyingi huisha chenyewe. Haifai kwa mwenye ini bovu au figo zilizochoka sana.

### Gabapentini na pregabalini

Gabapentini huanza na miligramu 300 usiku, kisha 300 mara 2, kisha 300 mara 3 kwa siku, na huendelea kupanda. Wengi hupata nafuu wakifika karibu 1,800 kwa siku. Sasa tazama kinachotokea mitaani: mtu anapewa 300 ya usiku, haongezewi, anakaa nayo miezi 6, kisha anaandika daftarini kuwa gabapentini imeshindwa. Haikushindwa. Haikufikishwa.

Pregabalini huanza na miligramu 75 usiku, kisha 75 mara 2, na inaweza kufika 150 mara 2. Zote mbili huleta kizunguzungu, uzito kuongezeka na miguu kuvimba. Zote mbili hutoka mwilini kupitia figo, hivyo figo dhaifu zinahitaji dozi ndogo. Usizichanganye na pombe wala dawa kali za usingizi, na usizikatishe ghafla. Zishushwe kwa wiki 1 au zaidi.

### Krimu ya pilipili

Krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075 hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Itawasha zaidi siku za mwanzo, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Vaa glavu au osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Tafadhali usiponde pilipili mbichi ukapaka. Mguu wenye ganzi utababuka nawe husikii.

### Za kuwa nazo macho

Tramadoli hutuliza kwa muda, lakini hujenga utegemezi, na ikichanganywa na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta degedege na sumu ya serotonini (kemikali ya neva kuzidi mwilini). Isiwe chaguo la kwanza.

Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinauzwa sana kwa jina la "dawa ya neva". Vinasaidia mwenye upungufu. Kwa asiye na upungufu havizimi moto, na B6 nyingi ikimezwa miezi na miezi yenyewe huleta ganzi.

### Jinsi ya kujua dawa inafanya kazi

Kila asubuhi andika namba 2: maumivu ya usiku uliopita kutoka 0 hadi 10, na mara ulizoamka. Usingizi ndio hutangulia kurudi, mara nyingi ndani ya wiki 1 hadi 2. Maumivu hufuata. Usitoe hukumu kabla ya wiki 4 hadi 8 ukiwa kwenye dozi inayotosha.

Kutoka 8 hadi 4 ni ushindi mkubwa. Sifuri hupatikana kwa wachache, na anayeitafuta huishia kubadilisha dawa kila mwezi bila kuipa hata moja nafasi.

Ya kwanza ikifika kiwango chake na bado hulali, jibu mara nyingi ni kuongezewa ya pili kutoka kundi lingine. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2022 ulilinganisha kuanza na amitriptilini, duloksetini au pregabalini: zilitoshana nguvu, na waliohitaji nyongeza walipata nafuu zaidi kwa dawa mbili. Kwa hiyo usihuzunike kama hospitali yako ina amitriptilini pekee. Hujapewa ya maskini.

## Hatua ya 5: Andaa usiku

Blanketi zito liondoke miguuni. Khanga moja nyepesi inatosha, au weka boksi tupu la katoni chini ya shuka upande wa miguu ili kitambaa kisiguse vidole.

Miguu ikiwaka, iweke kwenye maji ya bombani ya kawaida kwa dakika 5, ikaushe vizuri. Barafu hapana. Maji ya moto hapana. Chupa ya maji ya moto kitandani hapana kabisa, wala kuota moto kwenye jiko la mkaa msimu wa baridi. Ngozi isiyosikia huungua mpaka nyama, na unakuja kujua kwa harufu.

## Hatua ya 6: Kagua miguu kila siku, bila kuruka hata moja

Chagua wakati mmoja, kwa mfano kabla ya kulala. Kazi nzima ni dakika 5.

Osha. Maji ya vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko cha mkono. Mguu usiupe kazi ya kupima joto, umeshapoteza kipimo chake. Usiloweke kwa muda mrefu, ngozi hulainika na kupasuka.

Kausha katikati ya vidole. Unyevu hapo huzaa fangasi, fangasi hupasua ngozi, na ufa ndio mlango wa vijidudu. Anayetawadha mara 5 kwa siku awe na kitambaa kidogo mfukoni cha kupitisha kati ya kila kidole kabla ya kuvaa soksi. Msikitini asitembee peku kwenye sakafu ya ua iliyopigwa na jua. Soksi nene zimsaidie.

Paka mafuta. Juu ya mguu na kisigino, kila siku. Kati ya vidole, hapana.

Angalia. Weka kioo sakafuni, pitisha unyayo juu yake, mwanga wa tochi pembeni. Tafuta lengelenge, ufa, wekundu, weusi, uvimbe, sugu iliyoota doa jeusi katikati. Doa hilo ni damu iliyovuja chini ya sugu. Kidonda kimeshaanza kwa chini ingawa juu ngozi ni nzima. Usiyeona vizuri, mwombe mtoto au mjukuu. Macho yake ni makali kuliko ya kioo.

Pima joto kwa mgongo wa mkono. Linganisha mahali palepale kwenye mguu wa kulia na wa kushoto. Upande mmoja ukiwa na joto zaidi kwa siku 2, nenda kliniki.

Kata kucha baada ya kuoga, kwa kunyoosha, bila kuchimba pembe. Malizia na tupa. Sugu isikatwe kwa wembe, na plasta za kuondoa sugu zenye tindikali zisiguse mguu huu. Anayekusafisha kucha mtaani mwambie wazi kuwa una kisukari, au bora umuache.

Jambo moja zaidi ambalo miongozo ya nje huliacha. Panya hung'ata miguu isiyosikia. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioamka na vidole vilivyoliwa. Osha miguu na mikono baada ya chakula cha usiku, hasa ukila samaki, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote, ziba matundu, na asubuhi angalia shuka kabla ya kushuka.

## Hatua ya 7: Viatu

Usitembee peku, hata kutoka kitandani hadi chooni. Kandambili ya kamba ya katikati nayo haifai: kamba huchubua kati ya vidole, msumari hupenya soli, na kandambili humvuka mtu mwenye ganzi, naye akaendelea na safari bila kugundua.

Kupima kiatu, simama kwenye karatasi, mtu achore mzunguko wa mguu wako. Weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukionekana nje ya soli, kiatu hicho kitakuumiza, hata kama "unakisikia kiko sawa". Usikisikilize, mguu wenye ganzi hupenda kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee kinachosikika. Mbele ya kidole kirefu kibaki sentimita 1 hadi 2. Nunua alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Kiatu kipya kivaliwe kwa muda wa saa 1 hadi 2 tu siku ya kwanza, uvue, ukague ngozi. Wekundu usioondoka baada ya dakika 20 maana yake kinabana. Cha mtumba kina umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ingiza mkono mpaka ndani uone kama soli imebonyea au ina msumari.

Kila asubuhi geuza kiatu, kikung'ute, pitisha mkono ndani. Kokoto moja ndogo ukiikanyaga siku nzima inatosha kutoboa.

Ukiwa abiria kwenye bodaboda, mguu ukae mbali na ekzosi.

## Hatua ya 8: Mwendo

Lenga dakika 150 za mwendo kwa wiki, kwa mfano 30 kwa siku 5. Mazoezi hushusha sukari, husukuma damu miguuni, na wengi hulala vizuri zaidi. Mwenye ganzi kubwa aendeshe baiskeli, au akae kitini akikunja na kunyoosha vifundo. Ukiwa na kidonda unyayoni, mazoezi ya kutembea yanasimama mpaka kipone. Hakuna kidonda kinachopona kikiwa kinakanyagwa.

## Hatua ya 9: Dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo

- Kidonda au lengelenge lolote, hata dogo kama punje ya mchele, hata kama haliumi. Kutouma ndiko kunakotisha.
- Weusi, harufu, usaha, au wekundu unaopanda mguuni.
- Homa, au sukari inayopanda ghafla bila sababu na kukataa kushuka.
- Mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuwa mwekundu bila jeraha. Wengi huambiwa wameteguka na kukandwa. Inaweza kuwa mifupa ya mguu inavunjika kimyakimya kwa kukosa hisia. Acha kuukanyaga, tafuta magongo, nenda leo. Ukiwahi, utafungwa hogo la kupumzisha mifupa kwa wiki au miezi. Ukichelewa, mguu hubaki umepinda.

Kabla ya kuondoka nyumbani, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, kifunike kwa gozi kavu, usikikanyage. Usipake spiriti, majivu, dawa ya meno, wala unga wa kapsuli. Unga wa kapsuli huganda juu kama simenti, usaha hubaki chini ukila nyama, na daktari hupoteza muda kuubandua kabla ya kuona kitu.

Ukifika mapokezi, usiseme "naumwa mguu" ukasubiri foleni ya kawaida. Sema hivi: "Nina kisukari, miguu yangu haisikii, na nina kidonda tangu jana." Ukiingia kwa daktari, vua viatu na soksi zote mbili kabla hujaulizwa, hata kama kidonda kiko upande mmoja.